Tulivyocheka katika Chumba cha Kucha

Siku yangu ya kwanza kazini nilicheka mpaka nikaanguka kutoka kitini, na kilichonichekesha kilikuwa kidole gumba cha mguu. Kilikuwa kidole chenye heshima zake, cha mama mmoja mwenye duka la vitenge karibu na gare, kituo cha treni cha Kamina, na hakikuwa na kasoro yoyote. Nilikishika kwa mkono wa kushoto, brashi ya verni, rangi ya kucha, mkono wa kulia, nikakitazama, basi. Kicheko kikaanzia tumboni, kikapanda, nikajikuta niko chini sakafuni na brashi imechora mstari mwekundu kwenye paji la uso wangu. Mama mwenye kidole naye akashikwa. Yaya, mwenye saluni, akashikwa. Mwenzangu, aliyekuwa anapanga chupa rafuni, akaegemea ukuta, akawa anapigapiga paja kama mtu anayeua mbu. Tulicheka watu wanne bila kujua tunacheka nini.

"Hii saluni iko na nini?" yule mama aliuliza, akijipangusa machozi. "Minyi kila mara nikiingia humu, ninasahau hata jina ya bwana yangu."

"Njo furaha ya kupendeza, Mama," Yaya akamjibu.

Nasi tuliamini hivyo. Saluni ilikuwa chumba kimoja, hatua nne kwa tatu, chenye mlango wa mbele na dirisha moja dogo lililopigiwa ubao. Yaya ndiye aliyeupiga. Barabara yetu haina lami, na kila lori linapopita huacha wingu jekundu ambalo halina haraka ya kutua. Chembe moja tu ikianguka juu ya verni mbichi, ukucha unakuwa kama mkate uliomwagiwa mchanga. "Mavumbi iko adui ya verni," Yaya alikuwa akisema, kwa sauti ile ile ambayo baba yangu husomea Amri Kumi. Kwa hiyo dirisha lilifungwa mwaka mzima, na mlango ulifunguliwa pale tu mteja anapoingia au kutoka. Humo ndani mlikuwa na harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, tamu, kisha inakuchoma kooni. Ilikuwa harufu ya verni, ya asetoni ya kuifutia, ya kole ya kubandikia kucha za plastiki, na ya lile jimaji la kuchanganyia na poda ili kucha ziwe nene na ngumu. Jimaji hilo ndilo lililokuwa kali kuliko yote. Baada ya wiki moja sikulisikia tena.

Yaya kwetu ni dada mkubwa, ingawa huyu si dada yangu wa tumbo moja. Ni mtoto wa dada mkubwa wa mama yangu, lakini kwetu hiyo haina tofauti. Alinibeba mgongoni, kwa hiyo ni Yaya. Alijifunza kazi Lubumbashi, akarudi na masanduku mawili ya chupa kwa treni. Mwenzangu alikuwa binti wa wakulima Wakatoliki wa kijiji kilicho karibu na mji, msichana mwenye mikono mizuri kuliko yetu sote, aliyeweza kuchora ua la majani matano juu ya ukucha wa kidole kidogo huku akikusimulia ugomvi wa familia nzima. Mimi nilikuja na diploma yangu ya Serikali ndani ya bahasha. Baba alitaka niwe karani. Makarani wote wa Kamina walikuwa bado hai na wenye afya njema, hivyo nikaenda kupaka kucha.

Baba ni mwalimu wa Kifaransa na mtu wa kanisa, Mmethodisti wa shati lililopigwa pasi mpaka kola inakata. Wiki yangu ya kwanza nilirudi nyumbani wakati bukari, ugali wetu, inapakuliwa, nikakaa, akaanza kuombea chakula. Alipofika kwenye "utubariki sisi watoto wako," nikafumbua jicho, nikaona sombe, mboga ya majani ya mhogo, nikacheka. Nilijaribu kukohoa ili kuficha. Ikawa mbaya zaidi.

Baba alimaliza sala kwa utulivu. Kisha akaniambia, "Weye. Umekunywa nini?"

"Papa, minyi siyakunywa kitu."

Akainuka, akazunguka meza, akaninusa nywele. "Unanuka sawa duka ya rangi," alisema. "Kesho ninakuja kuona hiyo kazi."

Akaja, na mwavuli wake mkononi ingawa ilikuwa kiangazi. Yaya alimpa benchi la ukutani. Baba akaweka kofia gotini, akasema atakaa robo saa tu, ajionee, asisumbue mtu. Sisi tulifanya kazi kwa adabu kama watoto wa komunyo ya kwanza. Mwenzangu alikuwa anafuta kucha za zamani za mteja kwa asetoni, bakuli zima. Mimi nachanganya poda. Robo saa ikapita. Baba hakuondoka. Niliona anavitazama viatu vyake.

"Hivi viatu," alisema hatimaye, polepole, kama anayesoma imla darasani, "vinafanana na mashemasi wetu wawili."

Akavielekezea mwavuli, kimoja baada ya kingine.

"Huyu anaangalia huku. Huyu anaangalia kule. Na kila siku ya Mungu wanatembea pamoja!"

Na baba yangu, ambaye sikuwahi kuona meno yake ya nyuma, akafungua kinywa, nikayaona yote. Alicheka mpaka kofia ikaviringika chini ya meza. Akaimba besi ya wimbo wa kanisani, besi tupu, bila sauti nyingine, akijipigia mdundo kwa mwavuli. Mteja akaitikia kwa sauti ya kwanza. Mwenzangu, Mkatoliki, asiyeujua wimbo wenyewe, akaingia katikati na la-la-la. Tulikuwa kwaya kamili. Kisha Baba akasimama ghafla, akatoka nje, akakumbatia nguzo ya baraza, na uso wake ukawa na rangi ya majani ya mhogo.

Asubuhi yake alikunywa chai akiwa na kitambaa cha maji kichwani. "Binti yangu," alisema, "nakuomba msamaha. Haukulewa. Ni ile hewa njo inalevya." Akaenda kumwambia Yaya afungue dirisha. Yaya akamsikiliza kwa magoti mawili chini, kama inavyopasa mbele ya mzee, akasema ndiyo Papa, ndiyo Papa, na dirisha likabaki vilevile. Baba alitaka niache kazi. Nikakataa, na nilikataa kwa sababu moja ya kweli: sijawahi kuwa na furaha vile mahali popote.

Tuliendelea hivyo mwaka mmoja na kitu. Wateja walituita saluni ya kicheko. Walikuja wanawake wasiohitaji kucha; walihitaji kucheka.

Lakini mwili nao ulikuwa unaongea, kila mmoja wetu wake, na kila mmoja akaupatia jibu lake. Mimi kichwa kilianza kuniuma. Jumatatu hakiumi, Jumatano kinagonga, Jumamosi kinavunja. Nikasema ni macho, nahitaji miwani. Mwenzangu ncha za vidole zilianza kuwasha, kisha kupasuka, na asubuhi nyingine aliamka kope zimevimba kama maandazi. Akasema ni pilipili anayotwanga kwao. Alipumzika wakati wa sikukuu, vidole vikapona, akarudi kazini, vikapasuka, akailaani pilipili tena. Yaya alikohoa. Kila aliposugua kucha kwa tupa, ule unga mweupe ulipanda usoni mwake kama unga wa kinu, naye akakohoa na kusema ni baridi ya mwezi wa sita. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja.

Tulichekeana hata hayo. Mimi nilimwita mwenzangu Mama Kope, yeye akaniita Miwani.

Mambo yalibadilika siku ya arusi, katika masika. Bibi arusi alileta dada zake na shangazi yake, jumla wanawake wanane, saa mbili asubuhi, ibada ni saa saba. Mmoja wa dada zake alikuwa muuguzi katika kituo cha afya, na alikuja kusindikiza tu, maana kazini kwao kucha ndefu ni marufuku. Mvua ikaanza kabla hatujamaliza mkono wa kwanza. Mvua ya Kamina juu ya mabati hairuhusu mazungumzo, na ilikuwa inapiga moja kwa moja mlangoni, kwa hiyo tukaufunga mlango, tukaegemeza kiti. Watu kumi na mmoja, bakuli mbili za asetoni, jimaji limefunguliwa, tupa tatu zinafanya kazi kwa wakati mmoja.

Sijui kicheko kilianza na nani. Nadhani bibi arusi alisema bwana arusi anakoroma, na dada yake akauliza umejuaje, na ikatosha. Chumba kizima kilipinduka. Tulipiga kelele kushinda mvua. Bibi arusi alilia machozi, vibiringisho vya nywele vikamning'inia masikioni. Shangazi, mwanamke mkubwa aliyejaza nusu ya benchi, alicheka bila sauti, mwili tu ukitikisika, na benchi likitikisika naye. Kisha akaacha kutikisika.

"Nimechoka kidogo," aliniambia, akaweka kichwa begani kwangu. Nikaona ni upendo. Nikaendelea kucheka. Kichwa kikazidi kuwa kizito, na nilipomtazama midomo yake ilikuwa ya kijivu.

Muuguzi alimwona kabla sijasema neno. Aliondoa kile kiti kwa teke. "Fungula mulango!" akapaza sauti. "Bote inje! Bote, bote, inje!"

Tulimtoa shangazi kwa shida, wanne tukimshika, na aibu kubwa ni kwamba tulikuwa bado tunacheka. Miguu yetu ilikuwa laini, tukigongana mlangoni. Tukamlaza barazani, muuguzi akamwinua miguu juu ya ndoo, mvua ikimrushia matone usoni. Tulisimama tumemzunguka, na sasa kicheko kilikatika kama umeme.

Shangazi akafumbua jicho moja. Akanyanyua mkono, akautazama.

"Rangi yangu iliisha kukauka?" akauliza.

Mungu anisamehe, tulianguka tena, lakini safari hii tulikuwa tunalia pia.

Muuguzi hakucheka. Alirudi ndani ameshikilia kitambaa puani, akamwita bibi arusi, na wale dada wawili wakashika benchi kila mmoja upande wake, wakalipigisha kwenye ubao wa dirisha. Mara ya kwanza haukutoka. Mara ya tatu ubao ukaruka nje na kutua kwenye tope, na bibi arusi mwenye vibiringisho akapiga vigelegele. Yaya alishika kichwa kwa mikono miwili. "Verni yangu! Mavumbi!"

"Yaya, mvua inanyesha," mwenzangu akamwambia. "Mavumbi itatoka wapi?"

Halafu muuguzi akatupanga barazani kama watoto wa shule. "Nani iko na kichwa inauma? Anyanyue mukono."

Mikono ikapanda yote, mingine ikiwa na kucha tano, mingine mbili, mingine bila.

"Nani anakohoa?" akauliza, na Yaya akatazama kando. "Vidole, tuone." Muuguzi akavishika vidole vya mwenzangu, akavigeuza. "Hii si pilipili, mama. Hii ni lile jimaji na kole. Ukijishika macho na hivyo vidole, macho nayo inavimba." Alituelezea kwa maneno ya kawaida kwamba mvuke tunaouvuta unaingia mapafuni, unapita katika damu, unafika kichwani, na kichwa ndicho kinachocheka kabla ya kuuma. Akatuuliza kama kuna mtu asiyesikia harufu vizuri.

"Minyi ninasikia yote," Yaya akajibu haraka.

Muuguzi akamtazama. "Basi niambie humu ndani munanuka nini, zaidi ya hizi dawa?"

Yaya akaingia hadi mlangoni, akavuta pumzi kwa nguvu, mara mbili. "Hapana kitu."

Wanawake wakatazamana, kisha wakaitazama mifuko yao. Mwenzangu akainama chini ya meza yake, akavuta mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na bitoyo, samaki wa chumvi, aliowanunua alfajiri kupeleka kwao. Asubuhi nzima walikuwa humo, na ukweli ni kwamba kila mtu aliwasikia tangu alipoingia, ila kwa adabu hakuna aliyesema. Mwenzangu akaufungua mfuko mbele ya uso wa Yaya.

Yaya akanusa. Akaingiza pua ndani kabisa. Akainua kichwa, na nikaona kwa mara ya kwanza Yaya anaogopa.

"Sisikii," alisema. "Vidye wangu, Mungu wangu. Sisikii kitu."

Bibi arusi aliolewa siku hiyo akiwa na mkono mmoja wa kucha ndefu za waridi na mwingine wa kucha fupi, kwa kuwa muuguzi alikataa tuguse jimaji tena. Tulizipaka zile fupi verni tu, barazani, Baba akitushikia mwavuli, maana habari zilikuwa zimeshafika shuleni. Katika picha zote za arusi, mkono ule wa kucha fupi uko nyuma ya mgongo wa bwana arusi. Shangazi alicheza mpaka mwisho.

Wiki iliyofuata muuguzi aliwapeleka Yaya na mwenzangu kwa daktari. Mwenzangu aliambiwa mwili wake umeshalikataa lile jimaji, na mwili ukikataa kitu namna hiyo huwa hausahau. Asiliguse tena maishani. Alilia njia nzima. Yaya aliambiwa apumzishe pua na mapafu, avae barakoa, afanye kazi penye hewa, kisha asubiri. Asubiri mpaka lini, daktari hakuweza kusema.

Tukahamia barazani. Baba alituongezea mabati mawili, tukatundika vitenge upande wa barabara, na kila asubuhi mimi na mwenzangu tulimwagia maji ardhi yote mpaka mbele ya jirani. Chupa zilipata vifuniko, bakuli la asetoni likapata sahani ya kulifunika. Kucha za poda tukazipunguza. Anayezitaka alikuja kwa siku zake, nami nilivaa glavu na kukaa upande unakotoka upepo.

Siku ya kwanza nje ilikuwa mbaya. Kichwa changu kilikuwa chepesi, nilisikia hata ndege, na hakuna kilichochekesha. Mteja alisimulia jinsi shemeji yake alivyopotea njia akienda Luena, mji ambao treni inakufikisha bila wewe kuuliza mtu. Tulisema "pole." Mwenzangu alinitazama, nikamtazama. Kwa muda wa saa nne nzima tulifanya kazi kama kwenye matanga.

"Pengine sisi ni bantu ya huzuni," mwenzangu alininong'oneza. "Pengine ilikuwa chupa tu."

Hilo liliniogopesha kuliko kichwa chote kilivyowahi kuniuma. Nikawaza juu ya yule mama wa vitenge, kwaya ya Baba, mwaka mzima wa machozi ya furaha. Kama yote yalikuwa ya chupa, basi mimi ni nani?

Siku ya tatu alikuja mke wa mmoja wa wale mashemasi wawili, mwanamke mkavu, amevaa kitenge cheupe cha mkutano wa akina mama. Nilikuwa namaliza kidole cha mwisho kuku wa jirani alipopenya chini ya pazia. Akaruka mezani, akapindua verni nyekundu, akasimama ndani yake miguu yote miwili. Kuku akanyanyua mguu mmoja, akautazama, akautikisa. Kisha akatembea. Alitembea kwa heshima kubwa, hatua kwa hatua, kutoka mezani hadi mapajani mwa mke wa shemasi, akipiga muhuri mwekundu kila alipokanyaga, akapanda begani, akasimama hapo.

Mke wa shemasi hakusogea. Aligeuza macho tu, polepole, akakutana na jicho la kuku.

"Huyu naye," alisema, "ulimupaka vizuri kuliko minyi."

Mwenzangu alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Yaya akaketi chini kwenye udongo wenye maji. Mke wa shemasi akaanza kutikisika, kuku akaanza kutikisika juu yake, wapita njia wakafunua mapazia kuona kuna nini, nao wakashikwa. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na katikati ya kicheko nikajipima kama mgonjwa: kichwa, safi, koo, safi, miguu, imara. Kilikuwa kicheko chetu wenyewe. Nilimkumbatia mwenzangu tukarukaruka kama watoto waliopasi.

Yaya alisubiri pua yake miezi mingi. Alinusa kila kitu kila asubuhi, sabuni, mkaa, kwapa zetu, akitikisa kichwa. Kisha siku moja, mchana, mtu alipita barabarani akivuta beberu kuelekea sokoni. Yaya alikuwa anapaka kucha za mteja. Brashi ikasimama hewani. Akainuka, akapenya pazia, akamkimbilia yule beberu, akamkumbatia shingoni katikati ya barabara.

"Ananuka!" alipiga kelele. "Njo ananuka mubaya kabisa! Mukuje musikie!"

Mwenye beberu alidhani anataka kununua, akataja bei. Yaya akamwambia angojee, bado ananusa.

Haikurudi yote. Kahawa anaisikia, maua hayasikii. Mimi kichwa kiliniacha, na miwani sikununua. Mwenzangu sasa ndiye anayesuka nywele na kusafisha miguu kwa ndimu na chumvi, upande wake wa baraza, mbali na chupa, na wateja wake wamezidi wangu, jambo analonikumbusha kila siku. Akisahau na kushika kifuniko cha jimaji, kesho yake vidole vinamjibu. Kwa hiyo hasahau sana.

Mwezi uliopita tulimpokea msichana aliyekuja kwa treni kutoka Luena kujifunza kazi. Kabla ya kumpa brashi, Yaya alimsimamisha barazani, akamwambia alowanishe kidole kwa mate na kukinyanyua, aseme upepo unatoka wapi. Msichana alifikiri anachezewa. Alitutazama sote watatu, na kidole chake juu, asijue kama acheke au aseme.

"Sema tu," nikamwambia. "Kucheka utacheka."